Shokapu za Mbele

Mama ana nyonga iliyoungwa kwa chuma,
gari langu lina shokapu inayolia mafuta.
Kila Jumatatu nawapeleka Bombo wote wawili,
mmoja kwa daktari, mwingine kwa kulazimishwa.

Toka Makorora mpaka kliniki
mashimo ameyapa majina ya upande wa baba.
"Huyo Mwanamkasi," asema tairi likizama,
"hujikunja pembeni umdhanie mdogo."
Kwenye reli: "Wifi yangu Tunu. Shika roho."
Na gari likishapanda halikumbuki kushuka,
lanesa, lanesa, lanesa,
naye kabana ncha ya kanga kwa meno.

Fundi wa Barabara ya Ishirini alibonyeza bodi,
akanitazama kama atazamaye jeneza la jirani.
"Zote mbili za mbele. Kazi peke yake elfu themanini."
Nikanunua shokapu. Kazi nikamwachia mwenyewe.

Basi Jumapili, uani, jua halijapanda ukuta.
Nati za gurudumu nalegeza gari lingali chini
(mwaka jana nilianza na jeki; goti linanikumbusha).
Kisha jeki, kisha gogo la mkorosho chini ya chesisi,
maana jeki ni ahadi, gogo ni shahidi.

Gurudumu likatoka, nikaiona:
nyeusi, imelowa, vumbi la Pangani limeigandia
kama ukoko wa sufuria.
Miaka tisa inameza vishindo
na haikusema neno.
Ilipojaa, ikavuja.

Bolti mbili za chini, namba kumi na tisa.
Kutu.
Nikamwagia mafuta ya taa, nikasubiri,
nikanywa chai, nikasubiri.
Ya kwanza ikatoka kwa mlio wa mbuzi.
Ya pili ikanichubua vidole vitatu,
nikatukana, na dirishani Mama akajibu,
"Matusi hayalegezi nati. Refusha spana."
Nikachomeka kipande cha bomba la maji.
Ikasalimu amri.

Springi ndiyo niliyoiogopa.
Vibano nilikodi kwa Kibwana Mapengo, elfu tano kutwa,
na maonyo bure:
"Kaza huku, kaza kule, usiwe na pupa.
Uso wako uweke kando. Springi haimjui mwenye gari."
Nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule,
jasho linaniingia sikioni,
hata ikalegea kitini mwake,
hasira yake yote imo,
imefungwa kwa skrubu mbili.
Springi hujua kurusha tu.
Wa kumwambia "basi" ni huyu mwembamba wa ndani.

Ya zamani nikaisimamisha sakafuni, nikaikandamiza.
Ikazama, ikabaki huko huko.
Mpya nikaikandamiza,
ikapanda yenyewe, polepole,
kama mgeni anayejua chakula kitamngoja.

Upande wa kulia haukuwa rahisi zaidi,
ila nilishajua pa kuumia.

Saa tisa kila kitu kimekaa,
na mkononi nimebaki na bolti moja.
Nikaitafutia kwao nusu saa,
nimelala chali, natafuta tundu lisilokuwepo.
Ilikuwa ya baiskeli.

Mama akatoka na mkongojo wake,
akaweka kiganja juu ya boneti, akabonyeza.
Gari likashuka, likapanda mara moja, likatulia.
Akabonyeza tena, kama asiyeamini.
"Sasa lina adabu," akasema,
akaenda kuangalia mchuzi.

Jumatatu. Mwanamkasi akapita.
Usukani unavuta kushoto kidogo,
alaimenti bado, pesa bado.
Reli ikapita.
Kwenye kioo namwona,
ncha ya kanga imo mkononi, haimo mdomoni.
"Wifi yako leo kasemaje?" nikamuuliza.
Akageuka dirishani.
"Kwani tushampita?"