Hatua ya Sita

Picha ya kwanza mpaka ya tano, sawa.
Kunja pembe, kunjua, uache alama,
kunja tena. Hata mimi niliziweza,
mimi fundi suruali wa nyuma ya soko la Newala.
Ya sita ndiyo iliyonikalisha.

Mashine ya nakala iliishiwa wino
hapohapo, panapotakiwa masikio.
Ukabaki mshale peke yake:
unazama ndani ya karatasi
na hausemi unaibukia wapi.

"Baba, sungura wa Mwalimu Nambunga alisimama."
Najua, Somoe.
"Wetu amelala kama bahasha."
Najua.

Nikakunja kwa nje: akawa kunguru.
Nikakunja kwa juu: kofia ya mgambo.
Nikavuta kwa hasira, karatasi ikalia chwaa,
kilo mia tatu na kumi na mbili za korosho
zikapasuka katikati, Daraja la Kwanza upande huu,
jina la chama upande ule.

Karatasi ngumu zilikuwa mbili tu nyumbani,
stakabadhi za zamani, nilizoficha chini ya vifungo.
Hii ya pili sikutaka kuigusa.
Mwaka wa mvua mbaya. Kilo themanini, Daraja la Pili,
na pale pa sahihi, dole gumba la mama,
la zambarau, limepinda kidogo
kwa sababu karani alimharakisha.

Somoe hakuniomba. Alinitazama tu,
kidevu juu ya meza ya cherehani.
Nje ukungu ulishafika kizingitini,
na mwenye shati jeupe la harusi
alikuwa amepita mara mbili kuuliza kola.

Kola.

Kola huishoni upande wa kuonekana.
Unaishona ndani nje, unapunguza pembe,
halafu unaigeuza, na ncha unaisukuma
kwa ncha ya mkasi, taratibu, isitoboke.
Miaka kumi na tisa nafanya hivyo
bila kuangalia mikono.

Kumbe mshale haukusema kunja.
Ulisema geuza.

Nikafungua mkunjo kidogo, kama mdomo wa mfuko,
nikaingiza mkasi uliofumbwa,
nikasukuma. Karatasi ikakataa.
Nikaipulizia pumzi, ikalegea,
kisha kitu ndani kikabinuka, tap,
na sikio likatoka
kana kwamba lilikuwa humo siku zote, limechoka kusubiri.

La pili halikutoka vizuri. Ni fupi.
Somoe anasema hilo ndilo analosikilizia.

Kasimama, kaegemea kibweta cha nyuzi.
Sikioni unasoma "la Pili", "Daraja" limemezwa.
Dole gumba limeangukia tumboni,
hulioni mpaka umwinue.

Nimemwinua mara moja tu.
Kisha nikavuta shati la watu,
nikaanza kugeuza kola.