Tundu la Msumari

Hapa Tukuyu mvua haiji, hukaa.
Hutoka kidogo kama mtu aliyekwenda kununua chumvi,
kisha hurudi.

Tulihamia nyumba ikiwa haijaisha,
bila dari, bila sakafu jikoni,
dirisha moja limezibwa kwa mfuko wa mbolea.
Tukaambizana: tutamalizia humo humo ndani.
Huu ni mwaka wa sita.

Tone la kwanza liliangukia kochi.
Tukasogeza kochi.
Likaufuata mkono wa kochi, tukasogeza tena,
mpaka mgeni akija anakaa ameelekea ukutani
kama mtoto aliyekosa.
Tukaweka beseni. Beseni likajaa.
Tukaweka sufuria ya shughuli,
ile iliyopikia watu siku ya ubatizo wa Lusajo.
Fundi Mwaisumo alikuja, akatazama juu,
akafyonza meno, akachukua ya kutangulizia,
akasema kesho.
Kesho yake ina miezi minne.

Bibi alituachia methali ya ufa na ukuta.
Ya tundu la msumari hakutuachia.

Basi Jumamosi jua lilipochungulia,
Ambakisye akagonga ngazi ya milingoti mibichi.
Akapanda vipago vitatu; cha nne kikalia.
"Kilo tisini na mbili," nikamwambia,
"na papi zile tulizonunua kwa bei ya chini. Shuka."
Akashuka bila kubisha,
jambo ambalo sikuwahi kuliona.
Nikavaa suruali yake, nikaikaza kwa mkanda wa begi,
lami kwenye kopo la maziwa,
vipande vya tyubu ya baiskeli, nyundo,
misumari minne mdomoni.

Juu, bati ni la baridi hata jua likiwaka.
Nilitambaa mpaka juu ya kochi.
Hakuna kitu. Bati zima, bado linang'aa.
"Umeona?"
"Bado."
"Na sasa?"
"Ambakisye, shika ngazi."

Nikafuata mgongo wa bati kwenda juu,
karibu na kofia,
ndipo nikauona: msumari raba yake imekwisha,
kichwa kimeinuka kidogo,
na tundu dogo kuliko jicho la kifaranga.
Maji yalikuwa yanaingia pale,
yanashika papi,
yanatembea kimya chini ya bati mita tatu nzima,
yanachagua yenyewe pa kuangukia.
Miezi yote hiyo tulikuwa tunalilaumu kochi.

Nikang'oa, nikapiga mpya, nikafunika kwa tyubu,
nikapaka lami kwa vidole.
Kisha nikainua macho.

Sikuwahi kuuona mtaa wetu kutoka juu.
Kwa mbele kila nyumba ina rangi yake na geti lake.
Kwa juu ni tairi, mawe, matofali,
turubai la kampeni, limegeuzwa mgombea atazame chini;
kwa mwalimu mstaafu, ndoo bila kitako
imezungushiwa udongo penye bomba la moshi;
na kwa Mama Tusajigwe, mwenye geti la simba wawili,
mabati matatu yameliwa na kutu,
yamechanika kama majani ya mgomba baada ya mvua ya mawe,
yamekandamizwa na kinu.
Kile kinu alichotuambia kimeibiwa.

Ukungu ukaanza kuteremka kutoka Rungwe.
Nikashuka kabla yake.

"Vipi huko juu?"
Mama Tusajigwe alikuwa kati ya simba wake,
sauti imepanda kidogo.
"Bati tu," nikasema. "Kunateleza."
Akaitazama mikono yangu, myeusi ya lami.
"Ndaga," akasema,
ingawa sikuwa nimempa kitu.

Usiku ilinyesha.
Tulilisahau beseni pale pale, tupu,
alfajiri Lusajo akajikwaa nalo akaamsha nyumba.

Jumanne, Tusajigwe akabisha hodi.
Mama anaomba ngazi.
Na kama lami imebaki.