Hesabu za Kiwanja cha Kisauni

Jumatatu navuka daraja la Nyali na baiskeli,
senti kumi kwenda, kumi kurudi, naomba stakabadhi,
maana bwana wa Maskati husoma hesabu zangu kwa miwani miwili:
kila senti aitaka ina baba na mama.

Ekari arubaini na moja. Hajazikanyaga.
Alizirithi kwa karatasi, kama mtu arithivyo jina
la babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.
Mimi ndiye nizijuaye kwa visigino:
hatua mia saba toka kisimani hadi bikoni ya kwanza,
na ya pili haionekani siku za kufua,
Nyamvula huigeuza jiwe la kupigia nguo.
Namba ya serikali imelika kwa sabuni.
Nikamwambia, "Mama, huo ndio mpaka."
Akajibu bila kuinua kichwa,
"Basi mpaka wenu u safi."

Wa bara wakisikia sheria yetu hucheka:
nyumba yako, udongo chini yake wa mwingine;
mnazi wa Mwachiti, nazi zake za Mwachiti,
ila nazi ikianguka imeangukia ugenini.
Kitabuni nimeandika nyumba mia na sita,
udongo na fito, makuti, mabati mawili matatu,
na kila moja yasimama
kama mgeni aliyekaribishwa barazani
asiambiwe aketi.

Shilingi tatu kwa mwezi. Nikipiga hodi
watoto hukimbilia uani: "Kodi amekuja!"
Jina la Shekue bin Famau hawalijui.
Kuku wa Bi Riziki nao wamejifunza,
huingia uvunguni hata kabla ya kengele ya baiskeli.
Baya wa Kilindini hulipa kwa sarafu na matusi,
kisha hunimiminia kahawa, maana matusi ni ya bwana
na kahawa ni yangu.
Mimi nami, Mwembe Tayari nimejenga juu ya ardhi ya watu.
Wakala wangu huja Jumanne.

Barua imefika na meli, wino mweusi, haina salamu:
*Kampuni ya mafuta yataka upande wa barabara.
Niletee majina ya wasiolipa. Tutaanza nao.*

Nikawasha chemli, nikafungua kitabu, nikasaka walegevu.
Sikuhitaji kusaka.
Asiyechelewa hata mwezi mmoja ni mtu mmoja tu,
Mbwana Kitoi, nyumba ya kwanza kando ya barabara:
tarehe mosi, shilingi tatu, tarehe mosi, shilingi tatu,
miaka tisa safu imenyooka kama uzi wa fundi.

Miaka tisa Mbwana Kitoi yuko Kikowani,
kwenye udongo ambao hakuna amtozaye.

Mkataba wasema: haki ya kukaa hufa na mwenyewe.
Mwezi ule wa kwanza niliandika jina lake kwa kusahau,
kalamu ilikuwa na mazoea.
Wa pili sikusahau.
Tima hunipa shilingi akiwa nayo,
asipokuwa nayo hunipa bakuli la mbaazi,
nami natia mkono mfukoni, naandika: *imepokewa*.
Hatujapata kulizungumza.
Yeye huikunja ile risiti ya mumewe mara nne
na kuiweka palepale ilipo kofia yake.

Alfajiri nikajibu:

*Bwana mtukufu, baada ya salamu.
Nyumba ya kwanza upande wa barabara ni ya Mbwana Kitoi,
mpangaji mwema, hadaiwi hata senti.
Sheria haimgusi, na bila yeye njia ya kampuni haipiti.
Nilimweleza habari ya kuhama, hakunijibu.
Ni mtu mkimya, haondoki alipo.
Ukiona shaka, njoo mwenyewe uongee naye,
nitakupeleka.

Ushuru wa daraja, Jumatatu nne: senti themanini.
Stakabadhi zimo ndani.*