Mshono

Ghislaine Fougerat kaileta chupa
imeviringwa ndani ya fulana ya mumewe,
chini ya vitunguu, kikapuni.
Kaiweka mezani kwangu, Segonzac, saa tatu asubuhi,
wala hakuvua koti.
"Elfu moja mia nane na kumi na moja," akasema,
"mwaka wa nyota yenye mkia.
Paa langu linavuja."

Kazi yangu ni kuziuliza chupa umri wao,
nazo, tofauti na watu, hazioni haya.

Nta: imepasuka kama kisigino cha mkulima.
Vizuri.
Kiwango: kimeshuka vidole viwili chini ya shingo,
kizibo kimepumua muda mrefu.
Vizuri.
Rangi, mbele ya kurunzi: chai iliyosahauliwa jikoni.
Lakini rangi hainishiki mkono;
sukari ya kuunguza huiga uzee
kuliko wazee wenyewe.

Konyaki hukulia pipani tu.
Humo mwaloni huifunza kusema,
na kila mwaka malaika huja na vikombe vyao,
hunywa, hawalipi,
huacha ukungu mweusi kutani, darini,
hadi kwenye mnara wa kanisa.
Ukishaimimina kwenye kioo, saa imesimama.
Ya miaka kumi ikae chupani karne mbili,
itatoka na miaka yake kumi,
ikiuliza waliokuwa wakiongea mlangoni wamekwenda wapi.

Nikaipindua.
Kitako laini. Hakuna kovu,
kile kitovu cha chupa zilizozaliwa kwa pumzi ya mtu.
Nikapandisha kidole gumba ubavuni:
mshono, mwembamba kama unywele,
ukapanda bega,
ukapanda shingo
(ishia hapo, nikauomba, ishia hapo)
ukapanda mpaka mdomoni.

Mashine.
Mwaka wa nyota ile, mashine hiyo
haijaotwa hata na mwendawazimu.

Sikusema. Nilivuta lenzi juu ya lebo
kujipa muda wa kutafuta maneno,
naye akainama pamoja nami, nywele zake sikioni mwangu.
"Hizo moja," akasema.
Zilikuwa tatu, kila moja na kijimkia chini,
kama ndoano.
"Bibi Léontine. Ndivyo alivyoandika miaka
kwenye mitungi ya jamu ya plamu."

Akakaa. Koti bado mwilini.

Baridi ya arobaini na mbili, akaniambia,
maofisa wa Kijerumani walilala chumba cha juu.
Walitaka cha kale, kisha cha kale zaidi.
Bibi akapika gundi ya viazi,
akaloweka karatasi kwenye kahawa ya mizizi,
akaianika juu ya jiko, akaandika.
Chupa kumi na mbili, zote changa.
Pipa la babu wa babu yake lilikuwa nyuma ya kuni,
limejengewa ukuta, halipumui.
Kumi na moja zilikwenda Berlini.
Hii ilibaki. Kwa nini, hakuna ajuaye.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Huu umetembea miaka themanini
na viatu vyake havijatoboka.

"Na pipa?" nikauliza.
"Walilinywa harusini kwa mama. Lote.
Mimi nilichopata ni hii."

Nikachukua fomu ya cheti.
Penye *mwaka* nikapiga mstari.
Penye *kioo*: cha mashine.
Penye *lebo* kalamu ikasita, kisha nikaandika:
halisi, mkono wa Léontine Fougerat, 1942.
Penye *thamani* nikaandika nilichoweza,
akasoma, akakokotoa kwa midomo.
"Upande wa jikoni tu," akasema.
"Labda na bomba la moshi," nikasema.

Alipoiviringa tena kwenye fulana
aliifinya kidogo, kama anayepima joto la mtoto.
Akalipa yuro arobaini, akatia sahihi risiti,
akaandika tarehe: 11 Februari.

Moja mbili.
Zote na mkia.