Kwa Kaka Aliyeko Maskati, Kuhusu Mashine Yake

Mashine uliyonitumia, Nassor, ile nyekundu,
iliyoshuka Mkoani imeviringwa majamvi kama bi harusi,
haijafa. Usiwasikilize wanaokupigia simu.
Imebadilishwa tumbo tu.

Hukujua petroli ya huku na vituko vyake.
Meli ikichelewa siku tatu, pampu ya Konde inafungwa kamba,
na kijana wa chupa anajifanya hakujui
mpaka umpandishie bei mwenyewe.
Nami nina matuta ishirini na mawili ya tungule,
mchicha wa kuuza Ijumaa,
na jembe la mkono lililokwisha kupewa
talaka tatu na kiuno changu.

Bandani, chini ya magunia ya pumba,
injini ya marehemu Mbarouk ilikuwa mwaka wa nne haijaguswa:
ile ya dizeli, ya kukobolea mpunga,
iliyokuwa ikiamsha Mchangamdogo yote
na yeye akiapa haina kelele.
Dizeli haikosekani. Wenye mashua za dagaa
hunipimia kidumu, nami nawalipa tungule.

Nikamwita Shaame Faki, fundi wa Konde.
Akaizunguka ile nyekundu mara mbili,
akaigonga ubavuni, akacheka kwa puani.
"Hii ya petroli," akasema, "ina hamaki.
Haiendi mpaka ichokozwe kwa cheche.
Ya dizeli haitaki mchokozi. Unaibana, unaibana,
pumzi ikishika joto inawaka yenyewe."
Tabia hiyo naijua, nikamjibu,
nimeolewa nayo miaka kumi na tisa.

Siku nne akakata na kulehemu.
Fremu yako ilikuwa nyembamba, samahani,
ikaongezwa vyuma vya kitanda chakavu cha hospitali.
Puli ya injini akaitia kubwa,
maana dizeli ni mzito wa mwendo:
hatua yake moja lazima izae mbili.
Kabureta na plagi nimezihifadhi kwenye kopo la maziwa.
Ukija utazikuta.

Alhamisi tukaiwasha. Hendeli, mzunguko wa kwanza,
wa pili; wa tatu ukatoka moshi mweusi
na kuku wa Bi Time wote wakarukia bati.
Nikashika mpini, nikaachia klachi.

Ikarudi nyuma.

Kaka, ikanijia mimi! Majembe yanazunguka kinyume,
nami narudi kinyumenyume juu ya mchicha wangu mwenyewe,
kanga imebaki kwenye miba ya mlimau,
Shaame anapiga ukelele, "Zima! Zima!"
na hicho cha kuzimia
yeye mwenyewe alikuwa hajakifunga.
Ilisimama kwenye ukuta wa choo.
Ukuta nao umesimama, lakini si kama zamani.

Tukakaa kimya, mafuta yanadondoka.
Kisha Hadia wangu, wa darasa la tano,
akauvua mkanda, akaupinda mara moja katikati
ukawa kama nane,
akaurudisha kwenye puli zake.
Shaame akautazama muda mrefu.
"Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo," akasema.

Sasa inakwenda mbele.
Ni nzito, inanitikisa mpaka meno,
na mvua ikinyesha inazama kule bondeni
tunaivuta watu wanne kama ng'ombe mkaidi.
Lakini tuta la asubuhi nzima nalimaliza
kabla chai haijapoa.
Siku ile ya kwanza Bi Time alitoka mbio, ushungi mkononi,
akasimama uani kwangu bila salamu.
"Nilidhani Mbarouk anakoboa," akasema.
Nikamwambia, hapana, analima.

Basi usitume mashine nyingine.
Tuma mkanda. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii.
Tuma miwili, Nassor, kama mkono wako ni mkunjufu:
huu uliopindwa ili twende mbele
unalika upesi.