Rula ya Bwana Samaki

Pale Mbuyuni, Moshi, jua halijashika bati,
Bwana Samaki Anaeli akaja na rula ya shule,
ya mbao, ina jina la mwanawe kwa wino.
Akampima perege wangu, mdomo hadi mkia.
"Mama Ndeshi, huyu hajazaa bado."

Nikamwambia: nami nilipoozwa
hakuna aliyeleta rula.

Akanyamaza. Akaandika faini, akaifuta,
akaiandika tena, herufi ndogo ndogo.
Kokoro walilichoma kulekule bwawani;
huku imefika harufu tu, kwenye ndoo.

Nikarudi Pasua na ndoo nyepesi.
Usiku nikatoa futi ya cherehani,
nikampima Ndeshi usingizini,
kisigino hadi utosi.

Bado.