Kidole Gumba

Tatu nimeziuza: moja nzito kama deni,
moja nyepesi, ikaniona mshamba,
ya tatu ilitaka nisome kitabu kwanza.

Hii nimeikuta Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa mjane wa Kihiyo, ndani ya kopo la biskuti.
Ngozi imechubuka upande wa kulia,
pale kidole gumba cha marehemu kilipokaa miaka.
Changu kikaingia mle, kimya,
kama mguu uujuavyo kizingiti gizani.

“Zimebaki picha mbili,” akasema. “Hakuzimaliza.”

Baiskeli ikapita na machungwa ya Muheza.
Kidole kilishabonyeza.

Imebaki moja.
Bei hatujaitaja.
Anautazama mkono wangu,
si mimi.